Kudra na Asante ya Mama Rosa

Mama mdogo wangu, Kudra binti Abbasi, alikuwa mtu wa maneno machache, na hilo liliwashangaza watu kwa sababu kazi iliyompa jina ilikuwa ya kusema. Kiha alikinyonya kwa mama yake, Mha wa Heru Juu. Kiswahili alikipata dukani kwa baba yake pale Kasulu mjini. Wazee wa babu Abbasi walitoka Ujiji, na mteja akivuruga ngeli mbele ya mizani yake, babu alimsahihisha kwanza ndipo akampimia sukari. Kiingereza Kudra alikifuata Tabora, kwenye sekondari ya wasichana, akafika kidato cha pili. Hapo bibi akafariki, na kwa kuwa mama yangu alikuwa ameshaolewa, Kudra akaitwa nyumbani kulea wadogo zake.

Alikuwa na miaka ishirini Warundi walipoanza kuvuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao, mwezi wa tano wa mwaka 1972. Walikuja kwa miguu, wengine na mikeka, wengine na sufuria tu, wengine mikono mitupu. Ofisi ya wilaya ya Kibondo ikatafuta mtu anayejua Kiingereza kwa ajili ya wageni wa mashirika, na Kiha kwa ajili ya wakimbizi, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Babu Abbasi hakutaka. Alisema binti hakai mbali na kwao kwa sababu ya karatasi za serikali. Dada yake, shangazi Siti, aliyekuwa akiishi Kibondo, ndiye aliyemlainisha. Alimwambia kaka yake kwamba mtoto atalala chumbani kwake na atakula chunguni kwake. Kudra akapanda lori la maharage, akaenda.

Mkuu wake wa kazi alikuwa Tharsisi, mtu wa makamo, mpole, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika. Yeye ndiye aliyesimamia ghala na mapokezi ya wakimbizi. Juu ya ghala ilipepea bendera ya buluu ya Umoja wa Mataifa. Ndani ya ghala kulikuwa na magunia ya unga wa mahindi ya njano, ule ambao baadaye watu waliupachika jina la yanga. Kila gunia lilipigwa chapa ya jina la nchi moja kubwa ya ng'ambo, na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba unga huu ni zawadi ya watu wa nchi hiyo.

Siku za kwanza Kudra aliona jambo lililomtatiza. Kila mgeni alipotarajiwa, wapagazi waliambiwa wayageuze magunia ili maandishi yatazame mlangoni. Akamuuliza Tharsisi: kama chakula kinatolewa na shirika la dunia nzima, mbona gunia linataja nchi moja?

Tharsisi alimjibu taratibu, kama mtu anayemweleza mdogo wake. "Shirika ni la wote, Kudra, lakini mwenye kujaza kapu ndiye anayeshika mpini. Tena kule New York kila nchi ina kura moja. Sisi na wao tuko sawa siku ya kuinua mkono. Mtu mkubwa anayehitaji mikono ya wadogo afanyeje? Akiwapiga watamchukia. Kwa hiyo anatafuta kupendwa."

"Na kuna ubaya gani kupendwa?" Kudra aliuliza.

"Sijasema kuna ubaya. Watu wanakula. Ila ujue unachokigawa si unga peke yake."

Kudra aliyasikia maneno hayo akayaweka. Alikuwa na kazi nyingi, na njaa za watu hazikumwachia nafasi ya kufikiri kuhusu New York.

Kati ya walioandikishwa alikuwepo mama mmoja mjane wa miaka kama hamsini, jina lake Rosa. Alikuja na mkwewe, Esteri, na mtoto mchanga aliyezaliwa njiani. Njiani penyewe palikuwa ni kijiji cha Kasanda, jikoni kwa mwanamke wa Kiha aitwaye Mwajabu. Kudra alikisikia kisa hicho siku ya kuwaandikisha, akakisikia tena mara nyingi, kwa sababu Rosa hakuchoka kukisimulia. Walivuka na mvua. Esteri alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyumba mbili za kwanza walizobisha zilikuwa zimejaa wenzao. Mwajabu aliwatoa mbuzi jikoni akawatandikia nyasi. Mwaka ule chakula chake kilikuwa kidogo, lakini aling'oa muhogo ambao haujakomaa, akawalisha wiki nane. Mtoto alizaliwa mikononi mwake. Mwajabu ndiye aliyemuosha, na kanga aliyomfungia ilikuwa yake ya sikukuu.

Rosa alimpenda Kudra tangu mwanzo. Alimwita mwanangu, na Kudra, aliyekuwa na miaka michache tu tangu amzike mama yake, hakujua afanye nini na neno hilo. Alianza kupita kwenye kibanda chao baada ya kazi. Rosa alisuka vikapu huku akimrekebisha maneno: hili ni la Kiha, Warundi hawasemi hivyo, sema hivi. Wakati mwingine alimvua kanga kichwani, akamsuka nywele, wakakaa kimya. Shangazi Siti alikuwa akiuliza mbona amechelewa, na Kudra alisema alikuwa shuleni.

Mwezi wa saba wa mwaka 1973, vumbi la kiangazi likiwa limetanda kila mahali, alikuja mgeni waliyemwita Bwana Redi. Gari alilokuja nalo lilikuwa la shirika, lenye bendera ya buluu, lakini yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ubalozi wa ile nchi ya kwenye magunia, naye alileta kamera ya sinema na mpiga picha. Kudra hakumchukia. Alimwamkia kila mtu, alivua kofia mbele ya wazee, na aliuliza jina la Kudra mara mbili ili aliandike bila kosa. Alitaka mama mmoja azungumze mbele ya magunia. Tharsisi akamchagua Rosa, kwa kuwa alikuwa na uso mtulivu na hakuwa na haya.

Bwana Redi akamwambia Kudra amuulize: nani aliwaokoa?

Rosa hakuhitaji kufikiri. "Mwajabu wa Kasanda, mke wa Isihaka," alisema kwa Kirundi. "Unga huu ni mzuri, Mungu awabariki walioutuma. Lakini sisi tulipofika hapa tulikuwa tumeshapona."

Kudra akafasiri kama alivyosikia. Bwana Redi akatabasamu, akasema vizuri sana, sasa aulizwe kuhusu unga. Rosa aliposikia swali akaona labda mgeni hajaelewa, akaanza upya na muhogo mchanga, na nyasi, na kanga ya sikukuu. Mpiga picha akasimamisha mashine.

Bwana Redi akamvuta Kudra kando, karibu na mlango wa ghala. Hakumkaripia. Alimweleza kwamba watu wa kwao hulipa kodi, na wabunge wao huuliza kodi hiyo inakwenda wapi. Wakiona sinema ambayo hawamo, mwakani watasema fedha zibaki nyumbani. Filamu hii, alisema, itaonyeshwa kwao, na itaonyeshwa pia kwa wajumbe wa nchi nyingi kabla ya mkutano mkuu. Kisha akamwambia kwamba ana kipaji, kwamba shirika lina nafasi za kusomea ukalimani kule Geneva kwa miezi tisa, nafasi zinazolipiwa na nchi yake, na kwamba atamletea fomu. Hakusema fanya hiki upate kile. Aliyaweka mambo mawili karibu karibu tu, kama mtu anayepanga vikombe viwili mezani.

Kudra alitazama nje. Foleni ya wenye bakuli ilifika hadi barabarani. Akafikiri juu yao. Alifikiri juu ya Geneva pia. Hakunificha hilo aliponisimulia. Akarudi, swali likaulizwa mara ya tatu, Rosa akamtaja Mwajabu mara ya tatu, na Kudra akasema kwa Kiingereza: "Anasema bila unga huu wangekufa. Anaishukuru nchi yenu."

Bwana Redi alifurahi, akamshika Rosa mkono kwa mikono yake miwili. Rosa naye alifurahi. Alipoona uso wa mgeni umeng'aa, aliamini kwamba hatimaye Mwajabu ameeleweka.

Fomu ililetwa. Kudra akaijaza, Tharsisi akaipeleka posta. Pamoja na fomu Bwana Redi alimtumia kamusi kubwa ya Kiingereza yenye jalada jekundu, na ndani ameandika jina la Kudra bila kosa. Miezi ikapita. Rosa aliuliza kila baada ya siku chache kama Mwajabu ameshaonekana huko kwa wageni. Kudra alijibu labda. Akaanza kupunguza kupita kibandani, akisingizia kazi, na nywele zake akasukwa na shangazi Siti.

Mwezi wa kumi na moja ikaja habari kwamba gari la sinema linaleta ile filamu, yenye sauti ya Kiswahili iliyotiwa Dar es Salaam. Tharsisi alikuwa amesikia kwamba kule New York wajumbe wameshaonyeshwa baada ya chakula, wakapiga makofi. Sasa ilikuwa zamu ya Kibondo. Kwa sababu mvua za jioni zilikuwa zimeanza, waliamua kuionyesha mchana ndani ya ghala, milango ikifungwa na madirisha yakizibwa kwa magunia matupu.

Kudra hakujua kwamba Rosa ametuma salamu Kasanda. Aliwatuma wachuuzi wa vikapu vyake wamwambie Mwajabu aje Kibondo, akasikie jina lake likitajwa mbele ya wakubwa. Mwajabu alikuja. Alitembea nusu ya njia, nusu akapata lori, amefunga kanga safi na amebeba mkungu wa ndizi. Kudra aliwaona wanawake wale wawili wamekaa juu ya magunia, mstari wa mbele, wameshikana mikono. Angeweza kuwaita nje. Hakuwaita. Mashine ikawashwa.

Ikaonekana bandari, meli, malori, barabara ya vumbi, kisha ghala lile lile walimokuwa. Watu wakacheka kwa furaha kujiona. Kisha ukaonekana uso wa Rosa, mkubwa ukutani, midomo ikicheza. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya binti wa mjini, ya Kiswahili laini, ikisema kwamba bila unga huu wangekufa, kwamba wanaishukuru nchi hiyo kubwa na hawataisahau.

Kwa mwaka mmoja na nusu Rosa alikuwa amejifunza Kiswahili cha kutosha. Alikaa bila kutikisika. Esteri, aliyekuwa nyuma yao na mtoto mgongoni, akainama akasema polepole, "Mama, tazama midomo yako. Inasema Mwajabu." Na kweli, kila aliyekijua kisa aliona. Midomo ilisema Mwajabu, sauti ikasema kingine.

Milango ilipofunguliwa watu walipiga makofi. Kudra alikuwa ameshatoka. Rosa na Mwajabu walimkuta nyuma ya ghala, ameegemea ukuta.

"Nilisema vile mimi?" Rosa aliuliza.

"Hapana, mama. Nilisema mimi."

Akawaeleza yote, swali la kwanza hadi la tatu, wabunge wa ng'ambo, foleni, Geneva. Hakujitetea sana. Mwajabu ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake haikuwa na ukali. "Mimi sikuwapa muhogo ili nitangazwe," alisema. "Ila ungeniambia nisije, mwanangu. Nimeacha mbegu za maharage kwenye kikapu na mvua hii hainisubiri."

Rosa akageuka kuondoka. Hapo akasimama. "Mimi nyumba sina, ng'ombe sina, mume sina," alisema. "Asante yangu ndiyo kitu pekee nilichovuka nacho. Ndicho ulichokitoa ukawapa watu ambao hata sura zetu hawazijui."

Siku sita Kudra hakulala vizuri wala hakula vizuri. Shangazi Siti alidhani ni malaria, akamletea dawa. Siku ya saba Kudra alikwenda ofisini asubuhi mapema, akavuta mashine ya chapa, akaandika barua kwa Kiingereza kwa makao makuu ya shirika. Aliandika maneno ya Rosa kama yalivyokuwa, neno kwa neno, akataja jina la Mwajabu na la kijiji, akaeleza kwamba kosa ni la mkalimani. Kisha akaipeleka kwa Tharsisi, maana barua za ofisi hazikutoka bila mhuri wake.

Tharsisi aliisoma mara mbili. Alimwambia kwamba barua hii ikienda, ile fomu ya Geneva haitarudi. Kudra akasema anajua. Tharsisi akauliza tena, je, wakikasirika wakapunguza unga? Kudra akasema hajui, na kwamba hilo ndilo lililomnyima usingizi, lakini kama unga unategemea uongo wa msichana mmoja wa Kasulu, basi afadhali wajue mapema. Tharsisi hakumsifu. Alivuta kidau cha wino, akapiga mhuri.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Lilikuja kwenye karatasi nzuri nzito, lenye saini ya mtu asiyemjua. Lilimshukuru kwa uangalifu wake, likasema kazi ya kufasiri ni ngumu kila mahali, na likamjulisha kwamba filamu imekwisha kusambazwa kwa lugha saba. Basi. Kuhusu Geneva hakuandikiwa tena na mtu yeyote. Unga uliendelea kuja kama kawaida, magunia yale yale, maandishi yale yale. Alisema hilo lilimpunguzia mzigo na papo hapo likamuumiza, kwa sababu alielewa kwamba ule woga aliopewa mlangoni mwa ghala haukuwa na mizizi mirefu.

Lakini hakungoja jibu ili kumwendea Rosa. Wiki ile ile ya barua alipita kibandani, akabisha, akasema ameandika. Alitoa nakala akaisoma kwa Kirundi. Rosa alisikiliza akiwa anasuka. Alipofika kwenye kanga ya sikukuu, Rosa akamsahihisha: ilikuwa na maua mekundu, hukuandika. Kudra akatoa kalamu akaongeza pembeni ya nakala. Rosa akamsogezea kigoda. Hawakulizungumzia tena jambo lile, ila jioni ile Kudra alirudi kwa shangazi Siti amesukwa.

Krismasi ilipokaribia, Rosa alitaka kwenda Kasanda kumshukuru Mwajabu mbele ya majirani zake, maana alisema asante iliyopita ukutani haihesabiki. Kudra akaomba likizo ya siku tatu akamsindikiza, pamoja na Esteri na mtoto. Alijiandaa kufasiri. Hakuna aliyemhitaji. Rosa alisimama uani kwa Isihaka, akasema kwa Kirundi, watu wa Kasanda wakasikia kwa Kiha, wakaitikia, wanawake wakapiga vigelegele, na Mwajabu akafunika uso kwa kanga kwa aibu. Kudra aliketi kwenye kona akichambua maharage. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kusikia maneno yakienda moja kwa moja namna ile.

Zamu ya kina Rosa kuhamishiwa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, huko Tabora, ilikuwa imekaribia. Isihaka, mtu mkimya aliyekuwa hajasema lolote siku nzima, aliuliza kwa nini waende mbali wakati yeye ana shamba na hana wa kulilima. Kudra alilibeba swali hilo hadi kwa Tharsisi, na Tharsisi akalipeleka kwa wakubwa wake mara nne, hadi walipochoka kumkatalia. Mwaka 1974, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, Rosa, Esteri na mtoto waliandikwa kwenye kaya ya Isihaka.

Kudra alirudi Kasulu mwaka 1975. Akafundisha elimu ya watu wazima, akaolewa na Abdulrahmani, fundi cherehani mwenye utani mwingi, wakazaa watoto wanne. Ile kamusi nyekundu aliitumia miaka yote. Niliwahi kumuuliza kama haimchomi moyo. Alisema kitu kizuri ni kizuri hata kama kimeletwa na mtu mwenye haja zake, na Bwana Redi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyetumwa. Nikamuuliza kuhusu Geneva. Alicheka kidogo, akasema walimwambia kuna ziwa na theluji. Ziwa tunalo, alisema, lakini theluji angependa kuiona.

Rosa alifariki Kasanda mwaka 1979, mwezi wa tatu. Salamu zilimfikia Kudra sokoni, kwenye duka la kushona la mumewe, akalifunga bila kuuliza, akapanda lori la kwanza lililokwenda Kibondo. Alifika wameshazika. Alisimama mlangoni hajui akae wapi, kwa wageni au kwa majirani. Esteri alinyanyua macho akamwona, akasogea kwenye mkeka wa wafiwa, akamwachia nafasi kati yake na Mwajabu.